Jina Tuliloliimba Kijenge

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyofundishwa kumwita mtu nisiyemjua. Nilifundishwa mchana kweupe, Kijenge, hapo Arusha mjini, ndani ya chumba cha studio kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na aliyenifundisha alikuwa kijana mwenzangu aliyeitwa Yohana. Kaa vizuri. Weka hiyo simu pembeni, haitakimbia. Umekuja kuniambia kwamba unatoa albamu, na mimi nimefurahi, usidhani huu uso wangu wa kukunja unakataa. Lakini mama yako mkubwa naye alishakuwa ndani ya albamu, kabla hata mama yako hajaolewa, na albamu ile iliuza. Hilo la kuuza ndilo nataka ulisikie.

Mnanicheka mkiniona natoka kwaya na kanga yangu, mnadhani nimezaliwa hivi. Nilikuwa msichana mwembamba wa Poli, kijiji cha mlimani, niliyekulia kwenye migomba na kahawa, na sauti yangu ya kwanza ilikuwa inasikika mpaka nje ya geti la kanisa. Nilishuka mjini kujifunza cherehani. Deo, mwenye studio, akanisikia nikiimba kwenye harusi ya binamu yake, akaniambia kuna vijana wanachana, wana mistari mizito, wanachokosa ni msichana wa kuwaimbia kiitikio. Nikaenda. Baba yangu hakujua, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kujua, Mungu anisamehe.

Yohana alikuwa Mwarusha kwa kabila, wa Kisongo nje ya mji, mrefu, mkimya, Mlutheri kama sisi. Ukikaa naye nje ya studio unaweza kudhani ni mgonjwa, maana alikuwa anajibu kwa kichwa tu. Akishika maiki ndipo unajua kwamba maneno yote alikuwa anayawekea akiba. Wakati ule Arusha tulijiona sisi ndio wenye hip hop, wa Dar tukiwaona wanaimba mapenzi tu. Ujana huo. Albamu yake ilikuwa na nyimbo za machimboni, za kiangazi, za vijana wanaokaa vijiweni wakisubiri watalii. Nyimbo nzuri, sikudanganyi. Lakini ulikuwepo mmoja ulioibeba albamu nzima, na jina la wimbo huo ndilo lililokuwa jina la albamu, na jina lenyewe lilikuwa la mtu.

Usiniulize ni jina gani. Mdogo wako alishanibembeleza hapa siku nzima. Hata ukibahatisha ukalitaja sawasawa, sitakuitikia hata kwa kichwa. Ukimaliza kunisikiliza hutaniuliza tena.

Kazi yangu kwenye wimbo ule ilikuwa kuliita jina hilo, basi. Nikaliimba kama tunavyoimba kanisani, kwa kulipamba. Yohana akanisimamisha. Akasema nisiimbe, niite, kama mama anavyomwita mtoto aliyepeleka ng'ombe machungani mbali, jua limeshaanza kushuka. Akaniitia yeye mwenyewe nisikie. Alilivuta jina kutoka juu, akalikata katikati kidogo, halafu akalishusha mwishoni taratibu, kama vile anayeitwa ameshaonekana anakuja. Alikuwa anaujua ule mwito mpaka pumzi zake. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema ni jina tu. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Tukarekodi. Deo akarudisha tusikilize. Baada ya mimi kuita, tulikuwa tumeacha nafasi tupu, kimya, kabla ya ngoma kuingia. Kwenye ile nafasi mwanaume akaitika.

Alikuwa mbali. Hakuwa akipiga kelele. Aliitika kama mtu anayetembea, ambaye hana haraka, anayetaka tu mwenye kumwita ajue kwamba amesikia. Deo akasema ni mpita njia, akafunga dirisha, tukarudia. Akaitika tena. Deo akasema kanda ilikuwa na vitu vya zamani ambavyo havikufutika vizuri, akaweka kanda mpya kabisa, akaichana nailoni yake mbele yetu. Nikaita. Tukasikiliza. Akaitika. Nikavaa sweta langu, nikasema mimi naenda nyumbani. Yohana alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, macho yamemjaa maji. Nilidhani ni hofu kama yangu. Kumbe mwenzangu alikuwa na furaha. Akamwambia Deo aiache vilevile, watu wataipenda.

Na kweli waliipenda. Mwanangu, nyie mna haya mambo ya kuhesabu nani amesikiliza kwenye simu. Sisi tulijua albamu imeshika kwa kupita tu mtaani. Ukipita kwa kinyozi unasikia, ukipita kwa muuza chipsi unasikia, wanafunzi wakitoka shule wanaitana kwa jina lile, na mwingine anaitika kwa ile sauti ya chini. Hicho ndicho kilichouza. Mistari ya Yohana waliisifia, lakini walinunua kwa ajili ya yule anayeitika. Kila mtu alitaka kujua ni nani. Deo alikuwa mjanja, akawa anatabasamu tu, na jinsi alivyonyamaza ndivyo kanda zilivyozidi kutoka. Mimi nilishona nguo mpya. Nilianza kutembea kama mtu anayejua anatazamwa.

Kulikuwa na jambo moja la Yohana ambalo lilitushangaza. Alikuwa amekataza kanda zisipelekwe Kisongo. Muuzaji akija kuchukua mzigo, Yohana anamuuliza unauza wapi, na akitaja upande wa kule anamnyima. Tukamtania kwamba anaona aibu mama yake asije akasikia ile mistari yake ya pombe. Alicheka na sisi, hakueleza.

Halafu maneno mengine yakaanza. Mwenye duka mmoja wa kanda alikuja kutuuliza kama tumerekodi upya, maana mzigo wa mwisho yule mtu anaitika kwa karibu zaidi. Deo akamwambia haiwezekani, zote zinatolewa kwenye kanda mama moja, ile tuliyorekodia. Jamaa akaziweka mbili palepale, ya zamani na mpya, tukasikiliza. Sikutaka kusikiliza lakini nilisikiliza. Kwenye ya zamani alikuwa mbali, kama ng'ambo ya bonde. Kwenye mpya ulisikia na nyayo zake, mchanga ukikwaruzwa. Deo akaizima, akasema spika zimechoka. Mteja mmoja naye akasema akiweka ile kanda nyumbani mbwa wake anakwenda kukaa mlangoni, anatingisha mkia.

Wakati huohuo msambazaji mkubwa wa Dar akatuma salamu. Anaitaka albamu, ataipeleka nchi nzima, lakini kwanza anataka kuja kuona kwa macho yake watu wanavyoipokea. Tukapangiwa onesho la mchana, Jumamosi, uwanjani. Yohana alikuwa hapati usingizi kwa furaha. Alikuwa amekaa miaka akichana bure kwenye kumbi za watu, akirudi kwa miguu mpaka Kisongo, na sasa mlango ulikuwa umefunguka.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, Mzee Saruni akaja studio. Huyu ni kaka yake marehemu baba yake Yohana, mzee wa kanisa, mtu wa koti na fimbo. Tulisimama wote, shikamoo zikapita, Deo akamtolea soda, akaiweka chini bila kuigusa. Hakumtazama Yohana. Akauliza ni yupi kati yetu msichana anayeita. Nikasema ni mimi, mzee. Akanitazama muda mrefu, akasema nilikuwa mdogo kuliko alivyodhani.

Ndipo akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mambo ambayo mimi wa Poli sikuyajua. Kwao, mtu akifa wanasema amelala, na jina lake linalala naye. Pale nyumbani halitajwi tena. Yohana alikuwa na kaka, mtoto wa kwanza, mchunga ng'ombe, aliyekuwa akiimba na ng'ombe mpaka wanamfuata bila fimbo. Aliugua kichwa wiki moja, akafa, akazikwa pale nyuma ya nyumba yao. Mama yao alikuwa akiitwa mama wa huyo mkubwa. Tangu wiki ile ya msiba watu wakaanza kumwita Mama Yohana, na boma zima, wakubwa kwa watoto, hakuna aliyeteleza ulimi. Hivyo ndivyo walivyomsaidia yule mama kupumua. Naye, polepole, alikuwa ameanza kula, kucheka, na kwenda sokoni.

Yohana akasema alijua yote hayo. Akasema ndiyo maana alilinda. Jina halikuwahi kutajwa ndani ya boma, wala hatua moja kutoka bomani, liliimbwa mjini, kwa watu wasiomjua aliyelala, kanda zikakatazwa Kisongo. Alikuwa anamkumbuka kaka yake mahali ambapo haimuumizi mtu. Na alivyolisema lile, mwanangu, nilimwonea huruma, kwa sababu ungekuwa wimbo wa kawaida angekuwa amefanikiwa. Ungebuma, ungebaki hapo Kijenge na trei zetu za mayai. Lakini ulikuwa umeuza, na kitu kinachouza hakimuulizi mwenyewe kiende wapi.

Mzee akamweleza jinsi wimbo ulivyofika Kisongo. Siku ya mnada Kisongo, muuza kanda asiyemjua mtu alikuja na spika zake nyuma ya pikapu. Mama Yohana alikuwa amekwenda kuuza mbuzi. Katikati ya ng'ombe na vumbi akasikia kama sauti yake mwenyewe ikimwita mwanawe, kwa ule mwito wake aliokuwa akiutumia jioni. Halafu akamsikia mwanawe akiitika. Mama hakulia wala hakuanguka. Alimwachia mbuzi kamba, akarudi nyumbani, akajaza maziwa kwenye kibuyu, akaenda kukaa pale njia ya ng'ombe inapokutana na barabara. Tangu siku ile kila alasiri alikuwa pale. Asubuhi alikuwa hali chakula. Usiku vilevile. Alisema atakula na mwanawe akifika, kwa kuwa mji mzima unamwita na yeye amekubali kuja.

Yohana akasema jambo ambalo nadhani aliishi kulijutia. Akasema, "Baba mkubwa, acha ipite Jumamosi. Baada ya Jumamosi nitakuja."

Mzee Saruni akasimama. Hakukasirika, nami ningependa kama angekasirika. Akasema, "Mnamwita asubuhi, mnamwita mchana. Amesikia, anakuja. Akifika mlangoni, mtampa nini? Mna nini cha kumpa mtu aliyekufa?"

Mzee akanigeukia mimi, akasema aliyeita ndiye anayeweza kumrudisha, na mama yule hana muda wa kusubiri Jumamosi. Akatoka. Nikachukua sweta langu, nikamfuata. Yohana aliniita nyuma, mara moja, kwa jina langu, na mimi sikugeuka.

Tulifika Kisongo saa kumi hivi. Ilikuwa miezi ile ya baridi, mlima umejifunika tangu asubuhi, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na vile vindege vya watalii vinashuka kiwanjani bila kusikika vizuri. Mama Yohana alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kibuyu mapajani. Mashavu yalikuwa yamembonyea. Mbwa wao alikuwa amelala pembeni yake, masikio yamesimama, anatazama upande wa korongo. Mzee akanisogeza mpaka karibu, akamwambia ndiye huyu, akarudi nyuma.

Nikapiga magoti nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi na una nguvu kuliko nilivyotegemea. Akaniuliza kama ni mimi ninayemwita mwanawe. Nikasema ndiyo, mama, lakini sikujua. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Badala yake akanivuta karibu, akaninong'oneza kama tunavyonong'onezana wanawake jikoni.

"Usinyamaze," akasema. "Juzi alikuwa kule ng'ambo. Jana alifika kwenye korongo. Ukinyamaza sasa atapotea njiani, hatakuwa huku wala kule."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimezika na mume, na sijawahi kuwa na dakika ngumu kama ile. Mama ananishika mkono ananiomba nimwite mwanawe. Mzee nyuma yangu ananingoja nimrudishe. Na ng'ombe walikuwa wanarudi, wanapita mbele yetu mmoja mmoja, na kila mmoja akifika pale penye njia alikuwa anasimama, anageuza shingo, anatazama korongoni, halafu ndiyo anaendelea. Hakuna mchungaji aliyekuwa nyuma yao. Nilidhani yuko nyuma ya vumbi. Vumbi likatulia, hakuwepo.

Nikamwangalia yule mama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Maziwa kwenye kibuyu yalikuwa yameshaganda, harufu yake nilikuwa naisikia. Nikajua kwamba nikiita, atakaa pale mpaka wamzike. Nikasimama, sikuita. Nilisema tu, kwa sauti yangu ya kawaida, kama unavyosema na mtu aliye upande wa pili wa ua. Nikasema, "Kaka, rudi. Tulikuita bila jambo. Hapa kwenu wote wazima, rudi ukapumzike."

Upepo ukakatika. Halafu kutoka korongoni akaitika, vilevile, bila haraka, kama mtu anayetaka tu mwenye kusema ajue kwamba amesikia. Safari hii hakukuwa na kanda wala spika. Nilimsikia mimi, alimsikia Mzee Saruni, aliyevua kofia yake. Mbwa akainuka, akakimbia hatua chache kuelekea kule, akasimama. Alikaa hivyo muda, mkia ukitingishika, ukapunguza kasi, ukatulia. Akarudi akalala miguuni kwa mama.

Mama Yohana aliniachia mkono. Alinitazama, na macho yake hayakuwa na shukrani hata kidogo, usije ukadhani alinikumbatia. Akasema, "Sasa amekufa." Halafu akalia. Alilia kilio kizima, kile ambacho Mzee aliniambia baadaye hakukilia hata siku ya mazishi. Tulimnyanyua mimi na Mzee, tukamwingiza ndani, na giza lilipoingia alikubali uji.

Nililala Kisongo mpaka Ijumaa. Jumamosi nikaenda uwanjani, siyo kuimba, kumwambia Yohana kwamba siimbi tena lile jina. Alikuwa amevaa koti jipya, msambazaji kakaa mbele kwenye kiti cha kukodi, watu wamejaa mpaka kwenye ukuta. Nikamweleza yote, mama yake alivyokuwa, alivyolia, alivyokula. Alinisikiliza. Akaniuliza kama nina uhakika kwamba amekula. Nikasema uji, na jana wali. Akafumba macho. Lakini msambazaji alikuwa amekaa pale mbele, na watu wanapiga miluzi, na mtu anapokuwa ameingoja siku yake miaka yote hiyo, ni vigumu kuiacha ipite. Akapanda jukwaani. Akamwambia Deo aweke kanda.

Sauti yangu ikaita kutoka kwenye spika. Uwanja mzima ukanyamaza kungoja kile walichokinunua. Ile nafasi tupu ikapita, na hakuna aliyeitika. Ngoma ikaingia. Deo akadhani kanda imeruka, akarudisha mwanzo. Sauti yangu ikaita tena. Kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nafasi tuliyoiacha wakati wa kurekodi, mpaka watu wakaanza kutazamana. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, nilimwona Yohana akishusha maiki. Akageuza uso upande wa Kisongo. Alipiga magoti pale jukwaani na koti lake jipya, akamlilia kaka yake mbele ya watu wote, na wao wakadhani ni sehemu ya onesho, wakapiga makofi.

Baada ya hapo unaweza kukisia. Wiki iliyofuata wateja wakaanza kurudisha kanda madukani. Walisema wameuziwa feki, wanataka ile yenye mtu anayeitika. Wenye maduka wakatuletea, tukazisikiliza moja moja, za zamani na mpya, na zote zilikuwa na nafasi tupu baada ya sauti yangu. Hata ile kanda mama. Deo alihamisha mitambo yake mwaka uleule, akafungua duka la vipuri. Msambazaji hakutuma tena salamu. Albamu iliyokuwa kila kona ikapotea mjini kama vile haikuwahi kutoka, na leo ukiuliza wa rika langu wengi watakwambia waliwahi kuisikia, lakini hakuna atakayeikumbuka tuni yake. Yohana alirudi nyumbani kukaa na mama yake. Alimzika miaka mingi baadaye, mama mzee aliyeshiba siku zake, aliyecheza na wajukuu. Hajawahi kunilaumu. Tukikutana kwenye mikutano ya dayosisi tunasalimiana, tunaulizana hali ya watoto, basi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Jana ulipofika uliniambia kwa furaha kwamba unataka yule rafiki yako Brayani, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki, awemo kwenye albamu yako. Ukanieleza kuna mtambo wa kompyuta unaweza kuchukua zile sauti alizokuwa akikutumia kwenye simu, ukamfanya achane mistari mipya ambayo hakuwahi kuitunga. Nilikaa kimya ukadhani sijaelewa. Nilielewa. Usiku sikulala.

Sikukatazi kumlilia rafiki yako. Mlilie. Mtungie wimbo mzima, kwa maneno yako, kwa sauti yako wewe uliye hai. Lakini kabla hujagusa sauti yake, panda gari uende Nduruma kwa mama yake. Nenda mchana, mikono yako iwe na kitu cha kumpelekea, na usiwashe simu yako kumrekodi. Mwamkie, kaa, kula anachokupa. Mweleze unachotaka kufanya, usimfiche hata kidogo. Akisema hapana, iwe hapana, hata kama huo ndio wimbo ungekutoa kimaisha. Akisema ndiyo, mtazame vizuri kama anakula, kama analala, kama amekwambia ndiyo kwa sababu anataka wimbo au kwa sababu anataka mtoto wake arudi. Na kama ni hilo la pili, mwanangu, usirekodi, na umtembelee mara nyingi kuliko ulivyopanga.

Najua unaomba albamu iuze, na mimi nakuombea iuze. Ila ujue unachoomba. Isipouza, ni wewe tu utakayeumia, na utapona. Ikiuza, inaingia kwenye nyumba ambazo hukupiga hodi, inafika mezani kwa watu ambao huwaoni wakiweka kijiko chini. Andika kila mstari ukimfikiria yule mmoja ambaye akiusikia hatalala. Ukishindwa kumwambia usoni, usimwambie kwenye spika.

Njoo hapa nikushike kichwa. Mungu aliyewalea babu zako kwenye mlima huu akupe sauti isiyokauka na ulimi usiojeruhi. Akupe watu wa kukusikiliza, na wa kukukemea pia, uwasikilize. Kazi yako ikutoe, ikurudishe nyumbani mzima. Waliolala walale, na mama zao wapate kula.